Nina Simone Montreux 1976, ile sio dharau

Kaka unasema Nina Simone, yule mwimbaji na mpiga piano wa Marekani, kwenye ile shoo ya tamasha la jazz la Montreux, Uswisi, 1976 ana dharau kisa kasimamisha wimbo katikati akamwambia mtu akae chini, mi hapo sikubaliani na wewe kabisa. Huyu mama kasomea piano ya klasiki toka mdogo, ndoto yake ilikua apige muziki wa Bach ukumbini watu kimyaa, chuo cha muziki cha Curtis kule Philadelphia wakamkataa na mwenyewe aliamini ni kisa weusi wake, sasa mtu kama huyo umuinukie anaimba si unatafuta maneno? Angalia mkono wake wa kushoto kwenye piano bwana, unatembea kivyake, wa kulia kivyake, na sauti juu yake tena. Sisi Tabora tukisema jazz tunawaza bendi za Kiko Kids na Tabora Jazz, magitaa na watu wanacheza, kwa hiyo nilivyoiweka hiyo shoo hapa nyumbani Isevya bi mkubwa akauliza huyu anaimba au anagombana na watu 😂 Ila pale mwanzo Nina alivyoinama akanyamaza anawatazama tu, mzee akazima feni asikie vizuri. Sauti imechoka kidogo hapo sikatai, ila piano hapana.