Re: Kwa nini kliniki za mama na mtoto Uingereza, miaka ya 1920, zilitofautiana mji kwa mji?

Habari ndugu. Umekwama hapa: miji miwili jirani, sheria ileile ya 1918 ya huduma za mama na mtoto, lakini mmoja uligawa maziwa ya watoto na mwingine haukugawa.

Anza na sheria yenyewe. Iliziruhusu halmashauri kutoa huduma kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka mitano, haikuzilazimisha. Serikali kuu ilirudisha nusu ya gharama zilizokubaliwa, na nusu nyingine ilitoka kwenye kodi ya majengo ya mji husika. Mji maskini, wenye watoto wengi wenye njaa, ndio uliobanwa zaidi. Kwangu hilo ndilo jambo chungu kuliko yote.

Kisha tafuta ripoti za kila mwaka za daktari mkuu wa afya wa kila mji. Mimi huwa naruka takwimu za mwanzo na kwenda moja kwa moja kwenye sehemu ya akina mama na watoto: wauguzi wa kutembelea nyumba walikuwa wangapi, kliniki zilifunguliwa siku gani, maziwa yaligawiwa bure au kwa bei nafuu. Za London zimewekwa mtandaoni na Wellcome, maktaba ya historia ya tiba iliyoko London.

Usichanganye kliniki hizi na wakunga wa mshahara. Halmashauri zililazimishwa kuhakikisha wakunga hao wapo kwa sheria ya 1936, kwa hiyo kabla ya hapo mama wengi walimlipa mkunga wenyewe.

Taja majina ya miji hiyo miwili tuendelee.