Hesabu vigoda kabla ya kuhesabu vijana: kwa mnaoanza kazi ya ulezi wa vijana mitaani

Kwa miaka kadhaa nimefanya kazi ya kuwakutanisha vijana na walezi wa ufundi huku Mbagala na kata za jirani, wilaya ya Temeke, Dar es Salaam. Kila mwaka tunapokea wenzetu wapya, wana moyo na wana haraka, na swali lao la kwanza ni hilo hilo: mwaka huu tuwafikie vijana wangapi? Wewe uliyeanza juzi, nakuomba swali hilo uliache kidogo. Tembea mtaani ujue kuna watu wazima wangapi walio tayari kukaa na kijana mmoja mwaka mzima. Idadi ya vijana itatoka humo.

Mimi nimefundishwa hili na fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, mwenye baraza la vyerehani vinne. Mwaka wa kwanza tulimpa wasichana watatu. Walifika, wakakaa, wakajua kazi. Tukafurahi, tukaongeza: tukampelekea kumi na mmoja kwa mpigo, wiki ya mwisho ya Desemba. Anayeijua kazi ya cherehani ameshaelewa. Januari shule zinafunguliwa, sare za mtaa mzima ziko juu ya meza yake. Nilipopita kumsalimia nilikuta wasichana saba wamekaa chini, migongo ukutani, wanachezea simu. Wawili wanakata nyuzi. Mama hakuinua hata uso. Nilipomwamkia aliitikia, kisha akanisogezea sketi ya bluu ya mwanafunzi iliyokatwa bila kuachiwa nafasi ya mshono.

"Kitambaa cha mteja hiki. Nalipa mimi au mnalipa nyie?"

Sikuwa na jibu, maana hatukuwa tumekubaliana popote. Alilipa yeye. Kufika Machi walikuwa wamebaki wasichana wanne, na wale walioondoka hawakuondoka kwa uvivu. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuwafundisha, basi wakaona hawatakiwi. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu kijana aliyeahidiwa mlezi halafu akamkosa haamini tena kirahisi.

Wala si mtaani kwetu tu. Huko Marekani mpango wa Big Brothers Big Sisters, unaowakutanisha watoto na vijana na walezi wa kujitolea, ulifanyiwa tathmini kubwa iliyotolewa mwaka 1995, ikaonyesha kwamba vijana waliopata walezi walinufaika. Mwaka 2002 watafiti waliporudi kwenye takwimu zile zile walikuta faida kubwa iko kwa waliokaa na mlezi mwaka mmoja au zaidi. Wale ambao uhusiano wao ulikatika ndani ya miezi mitatu walishuka kwa namna walivyojithamini. Kwa hiyo kumpanga kijana mahali asipoweza kudumu kunaweza kumwacha pabaya kuliko ulivyomkuta.

Sasa kila mdau, yaani fundi au mlezi mwingine, tunakaa naye tunaandika ukurasa mmoja wa Kiswahili, unaosomwa kwa sauti mbele ya kijana na mzazi wake. Kijana anafika saa ngapi, anaondoka saa ngapi. Chakula cha mchana cha nani. Kitu cha mteja kikiharibika nani analipa (tulitenga fungu dogo kwa ajili hiyo tu, na limeokoa urafiki mwingi). Nani apigiwe simu kijana asipofika siku mbili. Na miezi ambayo hatuleti mtu mpya: kwa mafundi cherehani ni Desemba, Januari na mwezi wa Ramadhani, nguo za Idi zinapoagizwa. Gereji wana msimu wao, saluni wana wao. Usikisie, waulize.

Uliza pia mlezi mwenyewe atapata nini. Wengi wetu tunaona aibu kuuliza, tunadhani mtu mwema hatakiwi kunufaika. Posho ya kila kikao siishauri, kwa sababu siku fedha ikikata na mlezi anaondoka. Lakini kuna vitu vinavyobaki mkononi. Mafundi wengi wa mitaani walijifunza kwa kuangalia na hawana cheti, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu wa namna hiyo. Kumsaidia fundi kujaza fomu na kumsindikiza chuo cha VETA Chang'ombe kunamgharimu mtu wako siku moja au mbili. Yeye anabaki na cheti cha kutundika ukutani.

Kwa upande wa serikali, anzia chini. Peleka barua ya utambulisho kwa mtendaji wa mtaa kabla hujaongea na kijana yeyote, kisha mtafute afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mwenyekiti wa mtaa ni muhimu, watu wanamsikiliza, ila yeye huchaguliwa. Baada ya uchaguzi wa Novemba 2024 palipopata mwenyekiti mpya ilibidi kujitambulisha upya. Weka nakala za makubaliano ofisini, usitegemee kumbukumbu ya mtu mmoja. Na tafadhali usiwaahidi vijana mikopo ya halmashauri. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani hugawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni ya vikundi, ina masharti yake, na iliwahi kusimamishwa mwaka 2023. Waeleze utaratibu, kipeleke kikundi kwa afisa, basi.

Misikiti na makanisa watakupa ukumbi na watu wazima wanaoheshimika. Zungusha vikao ili pasionekane programu ni ya upande mmoja.

Usalama wa watoto hauna mjadala. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, hata kama ana kimo cha mtu mzima. Mzazi asaini. Mafunzo yafanyike mahali pa wazi, barazani, siyo chumba cha ndani. Kila kijana aijue namba 116, simu ya msaada kwa watoto, na ajue kwamba kulalamika kuhusu mlezi hakumtoi kwenye programu. Mdau akikataa masharti haya, hata awe mkubwa namna gani, muage kwa heshima.

Mama yule tulimrudia, tukamwomba radhi, tukarudi kwenye wasichana watatu. Mwaka uliofuata alitupeleka mwenyewe kwa mafundi wawili aliowafundisha zamani, mmoja Charambe, mwingine Kijichi. Leo kwa hao watatu tuna wasichana wanane, na kila mmoja ana kigoda chake na cherehani anayoipata kwa zamu inayoeleweka. Sisi tulitaka kupanua kwa kumjaza mtu mmoja, yeye alipanua kwa kuita watu wake.

Mkataba wako ukiisha, mpitishe anayekupokea kwa miguu, baraza kwa baraza, mkakae chini mnywe chai. Usimwachie orodha ya simu peke yake. Mama yule hapokei namba asiyoijua saa za kazi.