Nenda Shimanto, ratiba iache nyumbani

We uliyeuliza kama Japani ya vijijini mtu anaweza kuzurura na begi mgongoni bila kubuki kila kitu, inawezekana kabisa, nenda mto Shimanto, mkoa wa Kochi, kisiwa cha Shikoku. Una kilomita 196 na raha yake ni yale madaraja ya chini yasiyo na kingo, wenyewe wanayaita chinkabashi, wameyajenga hivyo makusudi ili mafuriko yakija maji na magogo yapite juu daraja libaki, na siku za joto unakuta madogo wanajirusha majini kutoka pale, ukijisikia na wewe unavua viatu unaingia. Ila pima kina kwanza jamani! Shuka stesheni ya Ekawasaki, baiskeli na mitumbwi ya kukodi ipo, ufuate mto kushuka mpaka mji wa Nakamura. Treni za njia ile chache mno, ukiikosa moja ndo umeshinda hapo. Agosti jua kali balaa, 2013 hapohapo Ekawasaki walipima nyuzi 41. Na ukisikia kimbunga kinakuja usipige hema kando ya mto hata kama kwako kukavu, mvua inanyesha huko milimani we huoni kitu.