Mkuu, usilipie hayo mashudu: protini imetoka kwenye nini?

Mkuu wa Kongwa, shika kwanza hela yako. Umeandika kwamba kuku chotara 200 utawalisha pumba na mashudu ya alizeti (makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa mafuta), nusu kwa nusu, kwa kuwa "protini inatosha na Dodoma mashudu yamejaa". Maneno hayohayo niliyaamini hapa Nala na mtaji ukaisha.

Nilianza na vifaranga 300. Mwenye duka la vyakula vya mifugo mjini alinionyesha karatasi yenye protini asilimia 18, akasema dagaa ni kutupa hela. Mwezi wa tatu kuku wangu wana vifua kama kisu, manyoya hayajafunga, wanadonoana mpaka damu. Mwezi wa tano wa jirani wanataga, wangu hata yai moja. Banda linanuka amonia hadi macho yanawasha. Nikanunua dawa ya minyoo, nikanunua antibayotiki, nikabadilisha maranda ya sakafuni mara mbili. Chakula sikukigusa, karatasi si ilisema 18? Mwisho nikawauza kwa bei ya kuondoa aibu.

Ugonjwa ulikuwa kwenye chakula. Protini si kitu kimoja kama chumvi. Ni mnyororo mrefu wa amino asidi, ziko aina 20, na kila protini ina mpangilio wake: ya unyoya, ya msuli, ya ute wa yai. Mwone bibi anayetunga shanga. Akifika penye nyekundu na nyekundu zimeisha, kazi inasimama hata kama za bluu zimejaa kibuyu. Kwa kuku wangu nyekundu ilikuwa laisini, mojawapo ya hizo amino asidi 20. Mwili wa kuku hauwezi kuitengeneza, lazima aile. Pumba za mahindi zina laisini kidogo, mashudu ya alizeti nayo kidogo. Nilichanganya upungufu na upungufu mwenzake. Na amino asidi zilizobaki mwili hauziweki akiba kama mafuta. Zinavunjwa, naitrojeni yake inatoka kwenye ule weupe wa kinyesi, bakteria wanaigeuza amonia. Kile kilichoniwasha macho bandani ni hela yangu ya mashudu.

Ile asilimia 18 je? Maabara hupima naitrojeni na kuizidisha mara 6.25. Inahesabu shanga bila kutaja rangi. Hata urea ukiitia humo, namba inapanda! Yule muuzaji bado ananiuma moyoni. Mtu unauzia wafugaji chakula kila siku, hujawahi kujiuliza hiyo protini imetoka kwenye nini?

Wala usimsikilize jirani mwenye ng'ombe wanaonona kwa mashudu. Ng'ombe ana vijidudu tumboni vinavyomtengenezea amino asidi na kuvunja selulosi, zile nyuzi ngumu za maganda. Wanga wa mahindi na selulosi vyote ni minyororo ya sukari iitwayo glukosi, ila zimeshikana kwa namna mbili tofauti, na kimeng'enya cha kuku, yaani kile kinachovunja chakula tumboni, kinafungua namna moja tu. Mashudu yenye maganda mengi yanapita tumboni mwake yanaishia kwenye maranda.

Kwa hiyo muuzaji akikutajia asilimia, muulize imetoka kwenye nini. Asipojibu, ondoka. Mimi sasa kwenye kilo 100 mashudu hayazidi 15, naweka kilo 8 za dagaa niliowachekecha mchanga mwenyewe, na kilo 10 za soya iliyokaangwa. Ikaange kweli, maana soya mbichi ina protini inayozuia kimeng'enya cha kuku kisimeng'enye protini nyingine, na joto ndilo linaloiharibu. Dagaa ni ghali, najua. Punguza kuku wawe 100, dagaa usiwapunguze.

Andika hapa mchanganyiko wako wote, kilo kwa kilo, kabla hujaenda kununua mashudu kwenye mashine ya kukamua mafuta. Tutaitafuta laisini pamoja.