Daraja la Pangani litawakutanisha wageni na kuta zipi?

Swali lenu la wiki hii linauliza kama daraja la Mto Pangani, lile la mita 525, litaufufua mji wa Pangani au litawapitisha tu watu kwenda zao. Limenigusa pabaya. Kabla ya kuhesabu wageni, tuulize kama nyumba wanazokuja kuziona zitakuwa bado zimesimama.

Cha kuonyesha kipo tele. Chukueni yaliyoanza mwaka 1888 peke yake. Aprili, Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani ili ikusanye ushuru kwa jina lake. Agosti, wakala wao wa Pangani, Emil von Zelewski, akadai bendera ya kampuni ipandishwe. Liwali akakataa, wakashushwa askari wa manowari. Mji ukachafuka, Wajerumani wakazingirwa ndani ya nyumba yao, na aliyekuja kuwatoa ni Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani. Abushiri bin Salim al-Harthi akawa kiongozi wa vita vya pwani. Hermann Wissmann, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, akauteka mji Julai 1889, na tarehe 15 Desemba mwaka huohuo Abushiri akanyongwa hapohapo Pangani. Zelewski naye aliuawa na Wahehe kule Lugalo, Agosti 1891. Nimeyarefusha makusudi: habari hii inataka kusimuliwa mtaani, chini ya kuta za wakati ule, na kuta hizo tunaziua wenyewe kwa saruji.

Nyumba za kale za Pangani ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hunyonya maji kutoka chini na kuyatoa kupitia lipu ya chokaa. Ukiupiga lipu ya saruji, maji hayana pa kutokea. Yanapanda juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya lipu, na baada ya misimu michache lipu inabanduka vipande vikubwa pamoja na uso wa jiwe. Baya zaidi, vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vinaoza bila mtu kuona, na siku moja dari inashuka. Wengine humwaga zege juu ya dari la zamani. Huo ni mzigo ambao boriti hizo hazikuwekwa kuubeba.

Kazi sahihi haihitaji mitambo. Bandua saruji yote kwa tindo, usibakize viraka. Uache ukuta ukauke, usugue chumvi kwa brashi kavu. Chokaa izimwe kwa maji na kulazwa shimoni ikiwa na unyevu kwa wiki kadhaa, na ikikaa miezi ni bora zaidi. Punje ambayo haijazimika vizuri itakuja kufumuka ukutani na kutoboa lipu. Mchanga usiwe wa ufukweni. Wa karibu na mlango wa mto nao una chumvi, kwa hiyo uoshwe au uletwe kutoka juu zaidi ya mto. Ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Lowesha ukuta, piga tabaka la milimita 10 hivi, likwaruze, subiri lishike ndipo upige la pili. Funika kwa magunia mabichi ili jua lisilikaushe haraka, maana likikauka upesi linapasuka na kugeuka unga.

Nilitaka kumalizia kwa kusema saruji ipigwe marufuku mji mkongwe wote. Naandika hivi na moyo unalegea. Mwenye nyumba anayevujiwa mwezi wa Aprili hawezi kungoja shimo la chokaa, na mikoko haikatwi bila kibali. Basi choo na jiko vijengwe kwa matofali ya saruji, pembeni, visishikane na ukuta wa zamani. Boriti iliyooza ibadilishwe kwa mbao iliyotiwa dawa, na kichwa chake kiachiwe nafasi ya hewa.

Kwa hiyo jibu langu, tofauti na nilivyoanza, ni ndiyo: daraja litausaidia mji, kwa sababu vifaa na mafundi wa chokaa kutoka Bagamoyo watafika bila kungoja kivuko. Ila halmashauri itenge kwanza eneo la shimo la chokaa la mji, ambalo mwenye nyumba yeyote atachota kwa bei ya kuchangia. Bila hilo, gari la kwanza kuvuka litakuwa limebeba saruji.