Kuhema Sana Kabla ya Kuzama Hakukuongezei Pumzi

Kijana mmoja wa Micheweni, Pemba, kaniandikia wiki hii: "Kaka, nasikia ulikuwa unakaa chini kuliko wenzako wote. Nifunze ile ya kuhema haraka haraka kabla ya kuzama." Usiku ule sikulala vizuri. Mbinu hiyo naijua, na nusura iniue.

Ni kweli nilikuwa nakaa chini. Kwenye dago letu, yaani kambi ya wavuvi, hakuna aliyenifikia. Mwenzangu akitoka na pweza mmoja, mimi natoka na wawili. Wazee wa Kojani, kisiwa cha wavuvi huko Pemba, walitufundisha kutulia, kuvuta pumzi moja ndefu na kwenda. Mimi nikaongeza langu. Nashika ubao wa mtumbwi, nahema kama mtu aliyekimbizwa, mara thelathini, arubaini, mpaka midomo inakufa ganzi. Kisha nazama. Chini raha tupu, ile haja ya kuvuta hewa haiji. Nikaamini nimejaza oksijeni mwilini.

Siku hiyo, mwaka 2011, bahari ilikuwa shwari, pima sita hivi, kama mita 11. Nikamwona pweza shimoni, mkono mmoja nje, rangi keshaigeuza kama jiwe. Nikamchokoa kwa mkuki, akashika mwamba, nikamng'ang'ania. Sikusikia dhiki yoyote, hilo nalikumbuka vizuri. Nikaanza kupanda, nikaona tumbo la mtumbwi juu yangu na mwanga wa jua pembeni yake. Kumbukumbu inakatikia hapo. Mtoto wa ami yangu ndiye aliyeniona naelea chini kidogo ya uso wa maji, akanivuta kwa fulana. Midomo ilikuwa rangi ya zambarau.

Pwani wakasema shetani wa mwamba. Mwenye chombo akaninyima fungu langu la siku ile, akasema mbele ya watu kwamba roho yangu nyepesi. Neno hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu sikuwa mwoga. Sikuwa na elimu tu.

Aliyenifungua macho ni muuguzi mmoja. Alinibana kidole kwa kile kipimo kinachofanana na kibanio cha nguo, kikaandika 98. "Hema kama unavyohema baharini." Nikahema mpaka kichwa kikazunguka. Kikaandika 99. "Hiyo ndiyo faida yako yote," akasema. Tukapumzika, akaniambia nibane pumzi bila kuhema kwanza. Nikabana mpaka kifua kinaruka, nataka kupasuka, na kipimo bado kinaonyesha 97.

Kipimo kile kinasoma ni asilimia ngapi ya himoglobini imebeba oksijeni. Himoglobini ni protini inayoipa damu wekundu wake. Kila molekuli yake ina nafasi nne za oksijeni, na ikitoka mapafuni huwa karibu imejaa. Chombo kilichojaa abiria utapakia nani tena? Oksijeni inayosafiri kwa kuyeyuka tu kwenye damu, bila kubebwa, haifiki hata asilimia 2.

Hewa ukaa, ile tunayoitoa tukipumua, ina njia yake. Kiasi cha asilimia 70 huchanganywa na maji ndani ya seli nyekundu ikawa bikaboneti na asidi. Nyingine hupanda himoglobini, na kidogo huyeyuka. Ubongo unaisikia asidi hiyo, na ndiyo inayokuamrisha upande juu. Oksijeni ikipungua haikupigii kelele mapema hivyo, inakuzimisha. Basi mimi kwa kuhema kule nilikuwa naitupa hewa ukaa nje, yaani namziba mdomo mlinzi wangu mwenyewe. Tena asidi ndiyo inayoilegeza himoglobini iachie oksijeni kwenye misuli na ubongo. Ukiifukuza, damu inaing'ang'ania oksijeni yake kama pweza na mwamba wake, na mishipa ya ubongo inajibana.

Na kwa nini nilizimikia karibu na juu? Mita 10 chini mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, kwa hiyo oksijeni iliyobaki mapafuni inasukumwa kuingia damuni. Unapopanda, msukumo unapungua upesi, na kilichokuwa kinatosha chini hakitoshi tena.

Kwa hiyo, ndugu yangu, pumua taratibu. Usiheme. Ukitoka, pumzika juu angalau mara mbili ya muda uliokaa chini. Kifua kikianza kuruka, mwache pweza apate riziki yake nyingine. Na usizame peke yako hata kama maji ni pima mbili. Nawaambia na nyinyi wenye vyombo: mnahesabu pweza, hamhesabu vichwa vinavyorudi juu. Mungu atawauliza. Kijana anayezama kwa ajili ya fungu lako ana mama anamngoja pwani, na wewe huna haki ya kumcheka akisema leo sishuki.

Umesema bamvua hili, maji makubwa haya, mnakwenda dago. Kabla hujaondoka niandikie jina la atakayekaa juu ya maji akikutazama, na umwambie asikuondolee macho mpaka umeshapumua nusu dakika nzima.