Mke wangu mkimya, mimi siwezi kunyamaza

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni dalali wa nyumba na viwanja, naishi Kimara na mke wangu. Tuna miaka mitano ya ndoa na mtoto mmoja. Mimi jambo likinikera nalisema hapo hapo yaishe. Mke wangu ni keshia wa duka la dawa Kariakoo, mkimya sana. Nikimuuliza jambo zito anasema "tutaongea", basi siku zinapita. Nikisisitiza anaingia chumbani, anafunga mlango. Juzi jioni, ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, nilimwambia mama yangu anakuja kutoka Tanga kutibiwa Muhimbili, atakaa kwetu miezi miwili. Kaka yangu alikuwa bado hewani, simu iko kwenye spika. Mke wangu akasema sawa. Tangu hapo ananijibu neno moja moja. Ndugu zangu wanasema ni kiburi. Rafiki yangu akanitumia lile jaribio la tabia la mtandaoni, la herufi nne. Nikajaza yangu, nikamjazia na mke wangu. Limesema hatuendani. Nifanyeje? Dalali, Kimara.*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo jaribio, maana ndilo jepesi. Maswali ya mkeo umeyajibu wewe, kwa hiyo ulichosomewa ni maoni yako mwenyewe juu yake. Habari ya watu wa nje, wachangamfu kama wewe, na watu wa ndani, wakimya kama mkeo, ni ya zamani: Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, aliiandikia kitabu mwaka 1921, kisha Wamarekani wawili, Katharine Briggs na binti yake Isabel Myers, wakatunga maswali ya kujaza, yanayotoa hizo herufi nne. Mtu yule yule anaweza kuyajaza leo akapata herufi hizi, na baada ya wiki chache akapata nyingine. Yakusaidie kujua kwamba watu hatufanani, basi. Kumpima mke kwayo, hapana.

Sasa tuje kwenye hiyo jioni ya juzi, maana umeipitia haraka mno. Mkeo ameshinda kwenye kaunta anahesabu hela za watu na kusikiliza wagonjwa. Kapanda mwendokasi wa jioni kutoka Kariakoo, na sote tunaujua: unasimama, umebanwa, mkoba umeukumbatia kifuani. Anafungua mlango, viatu hajavua, anapewa habari ya ugeni wa miezi miwili huku shemeji anasikiliza. Ulitaka aseme nini? Angeuliza tu "mama atalala wapi?", kesho yake Tanga nzima ingekuwa na habari kwamba hamtaki mkwe wake. Akasema sawa. Wewe ukaona umepata jibu.

Mimi siamini kwamba anakataa mama asije. Naona hakuulizwa. Wapo watu, na mkeo ni mmoja wao, ambao jambo lazima walizungushe kichwani kwanza ndipo mdomo ufunguke. Wewe unafikiri huku unaongea. Sentensi ya tatu ndiyo inakuonyesha unachotaka. Hakuna mwenye kosa hapo. Kosa linakuja pale unapomfuata mpaka mlango wa chumbani ukitaka jibu sasa hivi. Kazini kwako hufanyi hivyo: mteja akikuambia "ngoja nifikirie", unampa nafasi na kesho unampigia kwa adabu. Mkeo mbona humpi hata usiku mmoja?

Mtafiti mmoja wa Marekani, John Gottman, alitumia miaka mingi kuwatazama wanandoa wakibishana huku wamefungwa vipimo vya mapigo ya moyo. Aliona kwamba mtu aliyekaa kitini tu, moyo ukishapita mapigo 100 kwa dakika kwa sababu ya ugomvi, hasikii tena vizuri anachoambiwa, hata akiwa anakutazama. Ushauri wake ni kusimamisha mabishano kwanza angalau dakika 20, kila mtu afanye lake, bila kuendelea kupanga majibu ya kumchoma mwenzake. Wengi waliokuwa wakifunga mdomo katika utafiti wake walikuwa wanaume, kwenu imegeuka tu. Kwa hiyo ule mlango unaofungwa usiuite kiburi haraka. Na ndugu zako wasiuite chochote, hawaishi humo.

Ila mkeo naye simwachii. "Tutaongea" bila siku wala saa inakuacha unaning'inia, na mtu wa maneno akining'inizwa anazidi kelele. Haki yako ni kuambiwa lini. Akisema "tutaongea", mjibu kwa upole, "Sawa, kesho baada ya mtoto kulala?" Akikubali, nyamaza mpaka kesho. Najua hilo litakutesa. Muda ukifika, mwache aanze yeye, na akikaa kimya kidogo usimjazie sentensi. Kama kusema ana kwa ana kunamwia vigumu, mwandikie kwenye WhatsApp mchana, mistari miwili, naye atajibu akipata utulivu. Nimesema mwandikie. Ujumbe wa sauti wa dakika nne ni kumfuata mpaka kwenye kaunta.

Ukijaribu hivyo kwa muda na bado anakununia wiki nzima kwa kila jambo dogo, hapo si ukimya wa kuzaliwa, kuna kidonda. Tafuteni mtu mzima mnayemheshimu wote wawili, wa upande wowote, au nendeni kwa ofisa ustawi wa jamii wa manispaa yenu.

Lakini la mama haliwezi kusubiri. Leo mpigie kaka yako, bila spika, umwambie tarehe ya safari utamthibitishia baada ya kuongea na mkeo, labda tu kama Muhimbili wameshampangia mama siku. Kisha mwambie mkeo ulikosea kumtangazia mbele ya watu, na umwombe Jumapili mchana mkae mpange: mama atalala chumba gani, nani atampeleka kliniki siku ambazo mkeo yuko kazini, msichana wa kazi anahitajika au la, na hela ya matumizi ya ziada inatoka wapi. Hiyo ya hela uwe na jibu lako kabla hujakaa.